Pasaka ya Nabugoye

Barabara ya Bukoba kwenda Mutukula inavuka mto Kagera pale Kyaka, mahali ambapo majeshi ya Iddi Amin yalilipua daraja mwaka 1978. Abiria wengi walikuwa wamesinzia. Mimi nilikaa macho, maana baba yangu mdogo alivuka mto huo akiwa askari wa JWTZ, na basi letu lilikuwa likifuata njia yao: Masaka, kisha Kampala. Kutoka hapo nilikuwa naendelea hadi Jinja na Mbale, kula Pasaka na Abayudaya, Wayahudi wa Uganda.

Historia yao inaanza na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza mpaka wakakosana. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akatangaza kwamba yeye na watu wake watashika Torati. Alifariki mwaka 1928, lakini wafuasi wake hawakuiacha Sabato.

Kilima cha Nabugoye kiko nje kidogo ya mji wa Mbale. Bodaboda ilinifikisha nikiwa nimetapakaa matope, mvua za Aprili zikiwa zimepamba moto. Wenyeji wangu walikuwa wakisafisha nyumba kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Usiku ule baba mwenye nyumba alishika mshumaa, watoto wakamfuata kona hadi kona kutafuta chembe za mkate wenye chachu, ambao hautakiwi kuwamo nyumbani wakati wa Pasaka: chini ya kabati, ndani ya mifuko ya makoti, kwenye nyufa za meza. Asubuhi zilichomwa moto uani. Mama mwenye nyumba aliniambia chachu ni kama majivuno, inamvimbisha mtu huku ndani hamna kitu, ndiyo maana haitoshi kufagia sakafu tu. Mimi ni Mlutheri, nimefunga Kwaresima tangu utotoni, lakini sikuwahi kuitafuta dhambi yangu kwa mshumaa, kona kwa kona.

Kisha ikaja kazi ya mikate isiyotiwa chachu. Tangu maji yanapogusa unga hadi mkate uive, hazitakiwi kupita dakika 18. Mmoja anakanda, mwingine anasukuma kwa msukumio wa chapati, wa tatu anatoboa vitundu kwa uma ili usivimbe, wa nne yuko motoni. Hakuna aliyesimama kupiga soga. Niliula ukiwa wa moto: mkavu, una ladha ya moshi, na hauna hata chembe ya chumvi.

Jioni tuliketi mezani. Kulikuwa na mboga chungu, na mchanganyiko wa karanga, ndizi na asali unaowakumbusha udongo wa matofali ya utumwa wa Misri. Zaburi ziliimbwa kwa Kiganda, baraka kwa Kiebrania. Katika masimulizi ya kutoka Misri yanayosomwa usiku huo, tukafika mahali panaposema kwamba katika kila kizazi mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri. Mzee aliyeketi kando yangu akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi. Nikamjibu, Tanzania, Mzee. Akaweka kikombe chini.

Amin alipiga marufuku dini yao. Wengi wakageuka Wakristo au Waislamu, waliobaki wakawa wanasali kwa kujificha. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ikaingia. Mzee yule hakuhitaji kujifanya ametoka Misri. Anaijua tarehe aliyotoka, na anawajua waliomfungulia mlango. Alinishika mkono muda mrefu kwa niaba ya baba mdogo.

Lakini kilichonigusa zaidi kilifuata. Yalipotajwa mapigo kumi ya Misri, kila mmoja alichovya kidole katika kikombe na kudondosha tone moja sahanini kwa kila pigo. Wamisri nao walikuwa watu, mzee alinieleza, na kikombe cha furaha hakijai mahali walipokufa watu. Nyumbani kwetu vita ile husimuliwa kama ushindi dhidi ya nduli, na ushindi ulikuwa wa haki, sina shaka. Ila sikumbuki tukiwadondoshea tone vijana waliokuwa upande wa pili.

Usiku wa pili wanaanza kuhesabu Omeri, yaani hesabu ya siku 49 kutoka Pasaka hadi Sikukuu ya Majuma, kila jioni namba yake na baraka yake. Wengine huchukua kila siku tabia moja na kujipima nayo: upole, subira, unyenyekevu. Niliondoka nikiwa nahesabu, na ndani ya basi niliendelea. Ilipofika zamu ya ukweli, niliandika katika daftari langu maswali ambayo nimekuwa nikiyakwepa.

Bukoba nilikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo kumfikishia salamu za mzee. Nilimweleza habari ya matone. Aliuliza ni mangapi, nikamwambia kumi. Akasema kumi hayatoshi, kisha akaanza kunisimulia juu ya askari mmoja wa Amin, majeruhi, ambaye yeye baba mdogo alimkuta kando ya barabara pale Lukaya.