Redio Niliyoiunda Mwenyewe Iligoma Kuwaka

Ilikuwa saa nne usiku, macho yananiwasha kwa moshi wa risasi ya kulehemu. Nikachomeka betri, nikabonyeza swichi. Ka! Halafu kimya. Kioo giza, taa hakuna, hata ule moshi ambao ungenionyesha angalau nimeunguza nini haukutoka. Nikazima, nikawasha. Nilirudia mara nane, kama mtu anayepiga simu ambayo anajua haipatikani.

Redio yenyewe ni transiva ya kuunda nyumbani. Unaletewa bodi tupu, vifuko vya rizista na kapasita, waya wa kusokotea koili kwa mkono na kitabu cha maelekezo. Ikikamilika inapokea na kurusha kwenye wimbi la mita 40, ambalo huku kwetu ni megahezi 7.0 hadi 7.2, kwa nguvu ya wati 5 hivi, na kwa nukta na vistari vya Morse peke yake. Sauti ya mtu hairushi. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ninayo, na kwa wenzangu wa redio ya ridhaa nisingekosa ya kuazima, ila nilitaka hii niliyoisokota mwenyewe. Jioni nane zilikwisha mezani, mbili kati ya hizo kwa tochi ya simu maana umeme ulikatika. Hizo jioni mbili zikumbuke.

Asubuhi nikaanza kufanya kile ambacho sasa nakiona ni upuuzi. Niliwahi kusikia kwamba vioo vya aina ile huwa vitupu kama skrubu ndogo ya mwangaza haijarekebishwa, basi nikaizungusha mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kitu. Nikajiambia, hapa kuna maungio mabaya. Nikashika chuma cha kulehemu na kuanza kuyapitia maungio yote upya, moja baada ya jingine, zaidi ya mia mbili, bila kupima hata moja. Nilichopata ni kukibandua kidoa kimoja cha shaba, pale mguu wa kifaa unapolehemewa kwenye bodi, kwa kukizidishia moto. Yaani nilikuwa na ugonjwa mmoja, nikajiongezea wa pili.

Hapo nikachukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Betri yangu ni ile ya volti 12, ampia-saa 7, inayofungwa kwenye ving'ora vya majumbani, ilisoma 12.7. Nikaichomoa, nikaweka multimita kwenye kipimo cha mlio, kinacholia ncha zake mbili zikiungana, ncha moja kwenye njia ya volti 5 na nyingine kwenye hasi. Ikalia. Shoti! Nikafurahi, maana shoti unaweza kuitafuta. Nikaenda kuchukua kioo cha kukuzia, nikarudi, nikapima tena ili nianze kazi. Haikulia.

Nikadhani ncha hazikugusa vizuri. Nikachomeka betri, nikachomoa, nikapima: inalia. Nikakaa kidogo, nikapima: kimya. Shoti inayokuja na kuondoka bila kuguswa! Nilisugua bodi kwa mswaki na spiriti, nikakagua kila mguu kwa kioo, nikatoa vipande viwili vya risasi ambavyo havikuwa vimegusa popote. Kutwa nzima.

Kesho yake nikaibeba kwenye boksi la viatu hadi kwa fundi mmoja upande wa Msamvu, hapa hapa Morogoro. Ni mzee, ametengeneza redio kaseti tangu sijazaliwa, na siku hizi anaishi zaidi kwa spika za bluetooth na chaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Nikaanza habari ya koili, nikaanza habari ya prosesa, akaninyamazisha kwa kiganja. "Umeme umeishia wapi?"

Sikuwa na jibu.

Akavuta droo, akatoa taa ya nyuma ya pikipiki ya wati 5 iliyolehemewa waya mbili. Akaiweka njiani kati ya betri na redio, upande wa chanya. Kama redio ina shoti kubwa, taa itawaka vizuri, na umeme hautazidi nusu ampia, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Kama redio ni nzima, taa itawaka wekundu kidogo au itabaki giza. Kwa hela ya spea ya bodaboda, sijaona kinga nzuri kuliko hiyo, na mimi nilikuwa nachomeka betri moja kwa moja!

Taa haikuwaka hata kidogo. Akaitoa, akaweka multimita mahali pake kupima mkondo: miliampia 6. Kitabu kilisema redio ikipokea inapaswa kula karibu miliampia 100.

"Hii haina shoti," akasema. "Hii haili."

Kisha akaanza kuufuata umeme tangu mlangoni, ncha nyeusi ikiwa imebanwa kwenye hasi. Baada ya fyuzi, 12.7. Baada ya dayodi inayokinga betri isipachikwe kinyume, 12.5, na upungufu huo ni wa kawaida kwa dayodi ya aina ile. Kwenye swichi, 12.5. Kwenye mguu wa kwanza wa regyuleta ya 7805, ile inayoshusha volti 12 kuwa 5 kwa ajili ya prosesa na kioo, 12.5. Mguu wa tatu, ambao ndio unaotoa volti 5: sifuri. Akaigusa kwa kidole. Baridi kama jiwe la mtoni.

Akanieleza kwa nini ubaridi ule una maana. Shoti ingekuwa mbele, regyuleta ingejikaza kutoa umeme na ingekuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Hii inapewa volti 12, haitoi kitu, wala haipati joto. Zile miliampia 6 ni za IC, yaani chipu, ya sauti, ambayo inakula volti 12 bila kupitia hapo. Hata mvumo mdogo kwenye hedifoni ulisikika ukitega sikio. "Regyuleta yako ni maiti. Nenda kanunue nyingine." Dakika kumi hazikufika.

Nilinunua 7805 duka la pili kutoka pale. Kitu hicho kila fundi redio anacho. Nikarudi nyumbani na moyo mweupe.

Nikaiweka mezani, nikafungua bahasha ndogo ya kitabuni kuhakikisha kifaa kimoja bado kipo. Maelekezo yanataka transista ya kurushia, IRF510, ipachikwe mwisho kabisa, upokeaji ukishathibitika. Nilikuwa nimeihifadhi humo. Nikaidondosha kando ya regyuleta mpya. Zilikuwa pacha: mwili mweusi, miguu mitatu, kibati chenye tundu. Nikazigeuza kwenye mwanga wa dirisha ili maandishi yaonekane. Ya dukani: 7805. Ya bahasha: 7805.

Nikaishika bodi kwa mikono miwili. Nikaielekezea kamera ya simu, nikakuza picha ya kile kipande nilichokiita regyuleta. IRF510.

Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Zile jioni za tochi!

Baada ya hapo kila kitu kikajipanga. Mguu wa kwanza wa transista ile ni wa kuamrisha: ukiupa volti za kutosha, ile miwili mingine inaungana kama swichi iliyofungwa. Mahali nilipoipachika, mguu wa kwanza ulipata volti 12, wa kati ulikaa kwenye hasi, wa tatu kwenye njia ya volti 5. Kwa hiyo kila nikiwasha, transista ilikuwa inaishikamanisha njia ya volti 5 na hasi. Nikichomoa betri, chaji iliyobaki kwenye kapasita iliendelea kuiamrisha kwa sekunde kadhaa, na multimita ikalia. Chaji ikiisha, swichi inafunguka, mlio unakufa. Shoti yangu ya kimazingaombwe ilikuwa hiyo.

Kuing'oa ilikuwa kazi yenyewe. Regyuleta mbovu ungeikata miguu na kuitupa, lakini IRF510 sikuwa na nyingine, na hapa mjini sikujua pa kuipata. Niliongeza risasi mpya kwenye miguu yote mitatu mpaka ikawa kama kijito kimoja, nikapitisha chuma huku na huku huku nikivuta taratibu kwa koleo. Ikatoka, pamoja na kidoa kingine cha shaba. Nikanyonya risasi iliyobaki kwa utambi wa shaba, nikapachika 7805, na palipobanduka nikaunga kwa vipande vya miguu ya rizista nilivyokuwa nimevikata. Havipendezi. Vinapitisha umeme.

Nikaweka taa ya pikipiki njiani kama alivyofanya fundi, nikawasha. Ikabaki giza na wekundu wa mbali. Mguu wa tatu: 5.02. Kioo kikaonyesha mstari wa vibox vyeusi. Nikazungusha ile skrubu niliyoitukana siku ya kwanza, maandishi yakajitokeza.

IRF510 nayo ilipona, maana mguu wa kuamrisha unahimili hadi volti 20. Niliipachika siku iliyofuata, safari hii mchana, nikiisoma namba kwa sauti, na kipande cha maika, kisichopitisha umeme, chini ya kibati maana kibati chake kimeungana na mguu wa kati. Badala ya antena niliweka rizista 20 za omu 1,000 zilizofungwa sambamba, ambazo pamoja zinakuwa omu 50. Kilele cha wimbi lililorushwa kilisoma volti 20, yaani wati 4. Zinanitosha.

Waya wa mita 20 nimeutundika kati ya mwembe na paa la jiko. Jumamosi jioni fundi alipita kuangalia mgonjwa wake. Nikampa hedifoni wakati bendi imejaa, stesheni kama kumi zinabishana kwa nukta na vistari. Akasikiliza kwa heshima, kichwa kimeinama, dakika nzima.

"Inafanya kazi," akasema akizivua. "Ila tafuta stesheni yenye taarifa ya habari."