Usiku wa Corniche

Nilifika Doha, Qatar, mwezi wa nane 2019, na siku naondoka Mombasa binamu yangu aliyewahi kufanya kazi Dubai alinivuta kando akaniambia sikiza, huko uendako jichunge na Wakenya wenzako, watakukopa wasikulipe na habari zako zitafika Likoni kabla wewe hujaona mshahara wa kwanza. Mimi nikamwamini. Yeye ameishi huko, mimi sijatoka hata Afrika, nitambishia na nini?

Kwa hivyo wiki zote za mwanzo nilijificha. Kazini kwetu West Bay, nilikokuwa nalinda lango la jengo moja refu, kulikuwa na Wakenya wawili wa jengo la jirani, nikiwaskia wanaongea Kiswahili naangalia kwingine, najifanya sijui niko wapi. Dyuti masaa 12 ya kusimama, halafu basi la kampuni mpaka kempu huko Industrial Area, chumba cha watu sita, Wanepali wanne, Mghana mmoja na mimi. Walikuwa watu wazuri sana wale, siwezi kuwasema vibaya, lakini jioni kila mtu anaongea lugha yake na simu yake na mimi nalala nikiangalia chuma za kitanda cha juu. Mshahara ulikuwa riyali 1,300, riyali moja wakati huo kama shilingi 28 za kwetu, na nyingi zilikuwa zinaenda kwa deni la ajenti aliyenipeleka, yule sitamtaja.

Kitu kilichonimaliza ni simu za mama. Saa za Doha na Mombasa ni zile zile, hakuna tofauti hata ya dakika, kwa hivyo huna cha kusingizia eti mama amelala. Kila nikipiga swali ni moja, mwanangu umepata watu? Na mimi kila siku namjibu nimepata mama, tuko wengi. Nikikata simu nasikia vibaya mpaka usingizi unakataa, maana sikumzoea kumdanganya.

Sasa mwezi wa tisa mwishoni ndio mashindano ya dunia ya riadha yalikuwa yanafanyika Doha. Niseme ukweli sisi wa Pwani riadha hatukukua nayo, sisi ni mpira, mambo ya mbio tunawaachia watu wa Bonde la Ufa na tunashangilia tu kwa tivii. Lakini Mnepali wa kitanda cha juu yangu aliskia kazini kwake kwamba marathoni ya wanawake itakimbiwa pale Corniche, ile barabara ya kando ya bahari, bure, hakuna tiketi, na itaanza saa sita kasoro dakika moja usiku wa Ijumaa tarehe 27 kwa sababu mchana jua la Doha lingeua watu. Akaniuliza watu wako wanakimbia leo na wewe umelala? Ijumaa ilikuwa ofu yangu. Sikuwa na jibu la kumpa, nikavaa viatu.

Nilifika pale mapema nikasimama kwenye vizuizi peke yangu. Kile kijoto! Usiku wa manane na bado ilikuwa zaidi ya nyuzi 30, na unyevu zaidi ya asilimia 70, hewa imekaa kama ile ya jikoni ukifunua sufuria ya wali. Mimi nimezaliwa baharini nalijua joto la kuganda mwilini lakini lile lilikuwa jengine, nimesimama tu sifanyi kitu na shati limelowa mgongo mzima. Nikawa najiuliza hawa akina mama watakimbiaje kilomita 42 hapa.

Walipoanza walikuwa 68. Njia yenyewe ilikuwa ya kuzunguka, kilomita 7 mara sita, kwa hivyo ukisimama pahali pamoja unawaona wakipita tena na tena, na kila wakirudi unaona wamepungua. Ndani ya saa ya kwanza nikaanza kuona wanaobebwa kwa viti vya magurudumu, wengine wameshikwa huku na huku, sura zimebadilika. Mimi sijawahi kuona mbio za namna hiyo na sitaki kuziona tena. Mwisho wake walimaliza 40, wale 28 wengine wote waliachia njiani.

Na mbele alikuwa Ruth Chepngetich, nguo ya Kenya. Najua kilichokuja kumpata, kwamba 2025 alifungiwa miaka mitatu kwa mambo ya dawa zilizokatazwa michezoni, na siku hiyo habari ilipotoka ilinikaa moyoni vibaya sana. Lakini nikiandika ya usiku ule siwezi kumtoa, maana ndiye aliyenifungua mdomo. Alipita kama mita tatu kutoka niliposimama, naziona pumzi zake, na kabla sijafikiria nikaskia sauti yangu mwenyewe inapiga kelele, HAYA DADA TWENDE, TWENDE NYUMBANI! Sijui kwa nini nilisema nyumbani. Ilitoka tu.

Ng'ambo ya pili ya barabara mtu akajibu. Mwanamke, amejifunga leso kiunoni juu ya suruali, anapunga mikono miwili, anapiga kelele, we wa Pwani, njoo upande huu bana, mbona uko peke yako kama mlinzi!

Na kweli mimi ni mlinzi. Nikacheka peke yangu pale. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza nilicheka kwa sauti tangu nifike nchi ile. Nikazunguka mpaka mahali pa kuvukia nikawafikia.

Walikuwa watu wanane hivi. Yule wa leso ni wa Kitale, anafanya usafi hotelini, ana miaka mitatu Doha. Kuna jamaa wa Mbale, Mganda, dereva, Kiswahili chake cha kubahatisha lakini anakiongea bila haya. Kuna vijana wawili wa Kisii, na nilipowaangalia vizuri nikaona haya mpaka miguuni kwa sababu ndio wale wale wa jengo la jirani niliokuwa nawakwepa wiki zote. Mmoja akaniambia kaka sisi tulifikiri wewe ni Msomali huskii Kiswahili. Nikamwambia ukweli wote, maneno ya binamu na kila kitu, na yeye hakukasirika, akasema hata mimi niliambiwa hivo hivo na mjomba wangu. Ikabidi tucheke. Kumbe tumekuja wote na onyo moja!

Basi tukashangilia mpaka koo zikakauka. Yule dada wa Kitale alikuwa akimwona Chepngetich anabadilisha lugha anampigia kelele kwa kikwao, na mimi nisiyejua neno hata moja nazifuatisha vile vile zinavyosikika. Pia kulizuka ubishi ambao sijausahau. Nyuma ya Chepngetich alikuwa Rose Chelimo, bingwa wa 2017, amezaliwa Kenya lakini anakimbilia Bahrain. Kijana mmoja wa Kisii akasema huyo tusimshangilie, aliuza bendera. Dada wa Kitale akamgeukia, hakupandisha sauti, akamuuliza na wewe hapa unalinda jengo la nani? Kijana kimya. Akamwambia kila mtu amekuja Ghuba na alichonacho, wewe umekuja na mgongo yeye amekuja na miguu, mshangilie. Na Chelimo alipopita tena tukampigia makofi sote, yule kijana pia, na mimi naona yeye ndiye alipiga kwa nguvu kuliko sote.

Chepngetich alimaliza kwa 2:32:43. Chelimo wa pili, wa tatu Helalia Johannes wa Namibia, mama wa miaka 39, na wa nne Edna Kiplagat wetu. Hapo ni saa nane na nusu usiku imepita. Mabasi hakuna, teksi mpaka Industrial ni pesa ya kula siku kadhaa, na hakuna aliyekuwa na haraka. Tukakaa ukingoni pale kwa maji, yule Mganda akaleta karaki za gilasi za karatasi, ile chai yao ya maziwa na iliki, na nikifumba macho inafanana kabisa na ya kwetu ila sukari ndiyo wanazidisha. Tuliongea mambo ya ajenti, ya madeni, ya watoto waliowaacha. Dada wa Kitale mtoto wake alikuwa darasa la pili alipomwacha. Hakulia alipokuwa anasema, alikuwa anakunjakunja ncha ya leso tu.

Adhana ya alfajiri ilipotoka nikaenda kuswali, niliporudi nikapiga simu nyumbani, nilijua mama ashaamka. Akauliza swali lake lile lile. Nikamwambia mama, ngoja. Nikampa simu yule dada.

Akasema shikamoo mama, kwa adabu ile ya shule. Mama akaitikia, halafu wala hakuuliza huyu ni nani wala wa kabila gani, alitaka kujua kitu kimoja, mwanangu anakula? Dada akanitazama kutoka juu mpaka chini akasema hapana mama, huyu hali, lakini kuanzia Ijumaa atakula.

Ijumaa ikafika. Kwenye nyumba zao wafanyikazi wa kike wanaume hawaruhusiwi kuingia, kwa hivyo tulikutana Al Bidda Park, hapo hapo karibu na Corniche, yeye kaja na hotipoti mbili amezifunga kwa ile leso. Ugali na mchicha wa kukaanga, na samaki. Nilipouweka ugali mdomoni nikajua huu unga umetoka kwetu, si ule wa madukani, nikamuuliza ameupata wapi. Akasema shemeji yake alimletea pakiti moja kwenye begi tangu mwezi wa tano na hajaufungua.

Nikamuuliza sasa tangu mwezi wa tano ulikuwa unauwekea nini?

Akasema, ugali wa mtu mmoja unapikwaje?