Salamu za Kiajemi kwa jirani yangu muuza zafarani

Duka ninalofanyia kazi lipo Deira, mjini Dubai, karibu na soko la viungo, na jirani yetu wa ukutani ni mzee wa Kiirani anayeuza zafarani, ndimu kavu na maua ya waridi yaliyokaushwa. Kwa miaka miwili tulisalimiana kwa kuinua mkono tu, kwa kuwa Kiarabu chake ni cha kuhesabia fedha na changu hakijafika mbali. Mwaka huu niliona aibu kuishi mlango kwa mlango na mtu mzima nisiyeweza hata kumjulia hali, nikaanza kujifunza maamkizi ya lugha yake, ambayo sisi huiita Kiajemi na wenyewe huiita Farsi.

Siku za mwanzo nilidhani kazi imekwisha kabla haijaanza. Salamu yao ni “salaam”. Kumjulia mtu hali ni “haale shomaa chetore?”, na hiyo “haal” ni hali yetu hii hii. Anayetaka habari huuliza “che khabar?”, na jibu la kawaida ni “salaamati”, kiasi kwamba mtu aliyekulia Tanga akijibizana “habari gani?” na “salama” hujihisi yuko barazani kwao. Usiku mwema ni “shab bekheyr”, ambamo imo heri, na kuagana ni “khodaa haafez”, yaani Mungu akuhifadhi. Si kwamba tuliyachukua maneno hayo kwao. Lugha zote mbili zilikopa kwa Mwarabu mmoja, kila moja kwa wakati wake, ingawa yapo mengine, kama bandari, ambayo asili yake ni Kiajemi chenyewe.

Matamshi yalinipa shida pale nisipotarajia. Mtu wa pwani hasumbuliwi na “kh” wala “gh”. Kilichonisumbua ni ile “aa” ndefu, ambayo hutamkwa nyuma ya kinywa hadi ikakaribia “o”, pamoja na mazoea yangu ya kuyapa maneno yao irabu ya mwisho ambayo hayakuiomba, nikasema “salaamu” na “bekheri”. Ile “e” iliyo kati ya “haal” na “shomaa”, kwa upande mwingine, niliielewa mara moja, maana inafanya kazi ya “ya” katika “hali ya”, tena haibadiliki kwa ngeli yoyote.

Kosa langu la kwanza lilitokana na programu ya simu niliyokuwa nikijifunzia, ambayo ilinifundisha “haalet chetore?”. Nikaingia dukani kwa mzee asubuhi na kuitamka kwa sauti ya kujiamini. Alinijibu kwa upole, “khubam, mersi”, hajambo, asante, kwa neno la Kifaransa ambalo Wairani wamelizoea kuliko hata “motashakkeram”, lenye shukrani ile ile tunayoijua. Mwanawe ndiye aliyenivuta pembeni na kunieleza kwa Kiingereza kuwa “haalet” huambiwa rafiki wa rika lako au mtoto, ilhali mtu mzima, hata akiwa peke yake, huulizwa kwa wingi: “haaletun chetore?”. Kwenye maandishi utaliona “haaletaan”, lakini mdomoni huwa “haaletun”.

Nilijilaumu, kwa sababu nisingethubutu kumwambia mzee wa kwetu “mambo vipi”. Nadhani kilichonipotosha ni kukosekana kwa shikamoo. Sisi tuna neno maalumu la mkubwa, na mwenyewe ana marahaba yake, kwa hiyo niliposikia “salaam” ikitolewa kwa watu wote niliamini kwamba salamu zao hazipimi umri, kumbe heshima wameiweka kwenye mkia wa neno.

Tangu hapo mwanawe akawa mwalimu wangu, na katika yote aliyonifundisha ninaipenda zaidi “khaste nabaashid”. Tafsiri yake ya neno kwa neno ni “msiwe mmechoka”, lakini matumizi yake ni ya “pole na kazi”: huambiwa fundi unayempita akiwa kazini, muuzaji unapoingia dukani mwake, na mwalimu anapomaliza somo. Jibu lake huweza kuwa “salaamat baashid”. Kwa miaka mingi nimejaribu bila mafanikio kuwaeleza wafanyakazi wenzangu, kwa Kiingereza, maana ya kumpa pole mtu ambaye hakufikwa na baya lolote. Mzee huyu hahitaji maelezo hayo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Nilinunua mithkali moja ya zafarani, ambayo kwa kipimo chao ni takribani gramu 4.6, na nilipouliza bei mzee akasema “ghaabel nadaare”, yaani si kitu mbele yako. Nikamshukuru kwa moyo wote, nikaondoka nayo. Jioni mwanawe akanieleza, huku akijizuia kucheka, kwamba hayo ni “taarof”, adabu ambayo mwenye mali hukataa malipo na mnunuzi humshikilia ayapokee. Nilirudi kesho yake na fedha mkononi. Mzee akakataa mara mbili, na mara ya tatu akazipokea na kuzihesabu.

Sasa nimekwama kwenye “ghorbaane shomaa”, ambayo huniambia kila jioni anapofunga duka. Maana yake ni kwamba yeye awe kurubani yangu, yaani sadaka kwa ajili yangu. Najua ni maneno ya kuagana tu, na najua natakiwa kuyarudisha, lakini kila ninapofungua kinywa hutoka “khodaa haafez” peke yake.