Zamu ya Jumatano

Leo nilikuwa mwalimu wa zamu. Hapa Cambridge wanafunzi wa chuo wenyewe waliondoka Juni na hawarudi hadi Oktoba, kwa hiyo kwenye mabweni yao wanalala vijana wa shule ya likizo, wa miaka 15 hadi 17, kwa ada ambayo sipendi kuigeuza shilingi. Kengele haipigwi, na bado saa mbili asubuhi wote wako bwaloni.

Mmoja, kutoka Hong Kong, huniuliza kila kipindi kama jambo tunalosoma litatoka kwenye mtihani. Hakuna mtihani. Nikimjibu hivyo hunitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

Mchana tulishuka mtoni, tukapanda zile mashua bapa zinazosukumwa kwa upondo. Tulipokaribia daraja la mbao la Queens' College, msukumaji akatoa hadithi yake: Newton ndiye aliyelijenga, bila msumari wala bolti. Binti wa Kiitaliano, ambaye darasani humsikii, akauliza kwa upole: si Newton alifariki 1727? Daraja ni la 1749. Lilichorwa na William Etheridge, likajengwa na James Essex, na hili lililopo leo ni nakala ya 1905. Bolti zenyewe zinaonekana kwa macho. Msukumaji akacheka, akasema watalii hupenda zaidi ile ya Newton.

Basi ratiba ikaharibika, nami nikaiacha iharibike. Mbao za daraja lile zimenyooka zote, lakini ukilitazama kwa mbali limepinda kama upinde. Linapindaje? Tukakaa ukingoni (majani ya ndani ya chuo hatuna ruhusa kuyakanyaga, ni ya wakubwa) wakachora mistari iliyonyooka, kila mmoja ukiligusa tao mahali pamoja tu, hadi tao likajitokeza lenyewe bila mtu kulichora. Tanjenti, yaani mistari ya namna hiyo, wanazijua tangu shuleni. Kuzikuta zimebeba watu juu ya mto ni habari nyingine.

Yule wa Hong Kong akaniletea mchoro niutie alama. Nikakataa. Akanuna, kisha akaazima kalamu nyekundu akajipa 7 kati ya 10.

Likizo zangu za Juni ziliisha kwenye benchi la tuisheni, tukinakili maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Siwezi kuibeza tuisheni, ndiyo iliyonifikisha huku. Ila sikumbuki swali hata moja tulilolihangaikia kwa sababu tu lilitukera. Na hawa wanaopata nafasi hiyo, wengi wao wangeipata hata bila shule hii. Hilo hunikereketa.

Jioni ilikuwa mdahalo, sikuufuatilia sana. Kijana wa Muscat, ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, alinifuata mlangoni: "Shikamoo mwalimu. Magharibi huku ni saa ngapi hasa?" Marahaba, mwanangu, karibu saa tatu na robo usiku. Akashika kichwa. Nikamwonyesha chumba kitupu cha ghorofa ya chini, nikamwambia saa nne na nusu nahesabu watu.

Kesho wanataka kujenga mfano wa daraja kwa tambi kavu. Nimemwomba mpishi pakiti mbili. Amesema moja, na nisichukue zile nene.