Walisema niiache sauti ya mama ipotee

Ushauri wa kwanza niliopewa baada ya kumzika mama ni kwamba nifute namba yake kwenye simu yangu. "Utajiumiza bure," aliniambia ndugu mmoja ambaye mpaka leo ametundika ukutani picha ya gari aliloliuza zamani. Mwingine akanionya nisisikilize ujumbe wake wa sauti, nimwache apumzike. Wa tatu, huyu msomi, akasema kumbukumbu ya kweli iko moyoni, mengine ni vitu tu. Leo hao hao ndio wanaonisumbua niwatumie sauti ya mama, na nawatumia, ila kwanza nawakumbusha walichosema.

Kilichonichochea hasa kuihifadhi ni ule wasifu uliosomwa siku ya mazishi. Waliouandika ni wakubwa wa familia, siwalaumu, muda ulikuwa mfupi. Mama mpole, mkarimu, mlezi bora, mwenye upendo kwa wote. Mpole! Mama yangu alikuwa na sauti ya kumsimamisha mtoto aliyeko nyumba ya tatu. Mjukuu mmoja aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza, "Wanamsema bibi gani?" Nikajua tukiendelea hivyo, baada ya miaka michache tutakuwa tumebaki na bibi wa kwenye karatasi, asiyefanana na mtu yeyote tuliyemjua.

Nilianza na simu yake. Kila mtu alitaka apewe mtoto fulani "aitumie tu, ni nzima". Nikakataa mpaka nilipokwisha kutoa kila kitu. Wengi hawajui kwamba akaunti ya WhatsApp isipotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na kwamba laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine namba ile. Nimewahi kumwona mtu akituma salamu za huzuni kwa namba ya marehemu babake, akajibiwa "nani wewe?". Kwa hiyo iwekeeni laini salio, hata dogo, na muitumie mara moja moja. Ujumbe wa sauti nilioupata humo ni wa maneno machache machache: "Umefika?" "Mbona hupokei?" "Nipigie, si jambo kubwa." Lilikuwa jambo kubwa kila mara.

Lakini hazina yenyewe ilikuwa kaseti. Zamani baba alipokuwa akifanya kazi mbali, mama alimrekodia barua kwa redio kaseti badala ya kuandika, maana alisema kalamu inamchelewesha. Tulidhani zote zimepotea. Shangazi akakumbuka anayo moja, akaitoa chini ya nguo. Utepe ulikuwa umekatika, na kile kipande kidogo cha sponji kinachousukuma utepe uguse hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti, kilikuwa kimedondoka, kinachezacheza ndani ukiitikisa.

Nikaipeleka kwa fundi niliyeelekezwa kuwa ndiye bingwa. Bingwa akaunga utepe kwa selotepu ya kufungia zawadi. Aliyewahi kushika kaseti anajua kinachofuata: gundi ya selotepu ya kawaida huchuruzika pembeni, hunata kwenye mzunguko wa utepe unaofuata, mashine inavuta, utepe unakataa, unajizungusha kwenye kile kigurudumu cha mpira na kuliwa wote. Alinirudishia kaseti ndani ya mfuko, utepe umetoka nje umejikunja kunjakunja, na huku amenihurumia kweli kweli: "Nyimbo hizi zote zipo mtandaoni siku hizi, kwa nini ujisumbue?" Nyimbo! Nikamshukuru, nikaondoka kabla sijasema mengine. Alinitoza pia, na nililipa.

Hapo ndipo niliposema basi, nitafanya mwenyewe. Watu hudhani inahitaji elimu. Inahitaji meza safi, taa, subira, na watoto wasiwepo. Nilitafuta kaseti nyingine ya bure, ya zile zilizofungwa kwa skrubu ndogo tano, si za kugandishwa. Nikaifungua, nikatupa utepe wake, nikabaki na gamba zima lenye sponji yake na vigurudumu vyake. Kaseti ya mama ilikuwa ya kugandishwa, kwa hiyo niliipasua taratibu kwenye mshono kwa ncha ya kisu, nikahamishia utepe kwenye gamba jipya. Angalia sana utepe usijipindue wakati wa kuhama. Ukipinduka utasikia uvumi hafifu usioeleweka, na utadhani sauti imekufa kumbe umeuweka kinyume.

Pale selotepu ilipokuwa nilikata, nikaunganisha ncha mbili kwa utepe wa kuungia uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Nilipewa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kuhariri vipindi vya redio, akanisisitizia niubandike upande wa nyuma, kamwe si upande unaogusa hedi. Neno au mawili ya mama yalikwenda na kile kipande nilichokata. Sehemu zilizokunjamana nilizinyoosha kwa kidole, polepole, juu ya kitambaa laini. Halafu nikavunja vile vidude viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Hivyo vikishavunjwa mashine haiwezi kurekodi juu yake, hata mtu akibonyeza kitufe kibaya. Fanya hili kabla ya jambo jingine lolote, nakusihi. Kila familia ina mtu wa kubonyeza kitufe kibaya.

Mchezo mtamu kuliko yote ni skrubu ya hedi. Nilipoicheza kaseti mara ya kwanza sauti ilitoka nzito, imefunikwa, kana kwamba mama anaongea akiwa ndani ya pipa. Kila aliyesikia akasema ndiyo hivyo, ni uzee wa kaseti. Mimi nikakumbuka kwamba mashine iliyorekodi na mashine inayocheza zinaweza kuwa na hedi zilizoinama tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayokula sauti nyembamba. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo. Nikachukua bisibisi nyembamba, nikaizungusha kidogo sana huku nikisikiliza herufi S tu. Kushoto, sauti ikazidi kuzama. Kulia, ikaanza kupanda. Nikaongeza unywele mmoja, na ghafla mama akatoka kwenye pipa akasema, safi kabisa, "Baba watoto, salamu za siku nyingi. Subiri, nimkamate huyu."

Huyu ni mimi. Nasikika nalia nyuma, halafu kinasikika kishindo, halafu kimya, halafu mama anarudi anahema na kuendelea na hesabu ya hela za mwezi pasipo kueleza kilichotokea. Kila akitaka kusema jambo zito anakohoa kwanza. Nilikuwa nimesahau kikohozi hicho! Na kuna kitu kingine: kabla ya baadhi ya maneno unasikia neno lile lile kwa mbali, hafifu. Hiyo hutokea kwa sababu utepe umekaa umeviringishwa miaka mingi na mzunguko mmoja umeuambukiza sumaku mzunguko wa jirani yake. Ukitaka kuipunguza, peleka kaseti mpaka mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza. Mimi niliacha kidogo, sikutaka kumsafisha mno. Nililia, sitadanganya, kisha nikacheka, kisha nikarudisha nyuma nikasikiliza tena kile kishindo.

Mdogo wangu alikuwa amependekeza tuweke simu mbele ya spika turekodi, tumalize. Tulijaribu, ukasikika upepo wa feni na jirani akipiga hodi. Tumieni waya, kutoka tundu la hedifoni hadi kompyuta. Programu ya kurekodi sauti iitwayo Audacity ni ya bure na inatosha. Hifadhi faili ya kwanza kama WAV, hata kama ni kubwa, maana MP3 hutupa baadhi ya sauti na haizirudishi. Za kutuma kwenye simu ndizo uzifanye MP3. Nakala moja iko kwangu, nyingine kwa dada, nyingine mtandaoni.

Kwa wajukuu nilitumia ujanja mwingine. Ukiwauliza "mnamkumbukaje bibi?" watakusomea ule wasifu: alikuwa mpole. Mimi nikauliza, "Mara ya mwisho alikufokea kwa kosa gani?" Wakafunguka hao! Mlango ulioachwa wazi. Kumwita kwa mluzi. Kumjibu bila kutoa simu masikioni. Nikawa narekodi, simu imelala kifudifudi mezani ili wasiiogope. Katikati ya mazungumzo mkubwa wao akasema bibi macho yalimsumbua, ndiyo maana yeye alikuwa akimsomea barua na magazeti kila akienda kumtembelea. Wa pili akashangaa, akasema hapana, msomaji wa bibi alikuwa yeye. Wa tatu naye vilevile. Kila mmoja alikuwa ameambiwa miwani imepotea, na kila mmoja alikuwa dhaifu wa kusoma darasani. Dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi na mama, akacheka mpaka akakaa chini. Miwani ilikuwa mfukoni mwa gauni siku zote.

Hilo nimelirekodi, na wasifu mpya nimeuandika nikianza na miwani. Neno "mpole" halimo. Wakubwa wameusoma, mmoja amenuna.

Kaseti yenyewe ninayo mimi, mbali na jua na mbali na spika kwa sababu ya sumaku zake. Shangazi anaidai kila tukionana, anasema ni yake. Nimemwambia alete kwanza zile nyingine alizozificha chini ya nguo, maana siku ile niliona kona ya boksi, na halikuwa la viatu.