Viza ya kazi ya duka la nguo inalipwa na nani? Yaliyonikuta mimi wa Mwanga, Kigoma

Jana usiku binti wa jirani yetu huku Gungu kanitumia picha ya barua kwenye WhatsApp, anasema dada nimepata kazi, duka la nguo London, viza wanalipa wao, natakiwa tu kutuma laki nane ya kufungulia faili. Roho iliniuma kwakweli. Barua kama ile naijua, mwaka 2021 na mi niliipokea nimekaa kwenye kigoda dukani kwa shangazi pale soko la Mwanga, nikalia kwa furaha mbele ya wateja. Kwaiyo leo naandika yote ninayoyajua, maana naona mabinti na vijana wengi wa huku wanaoijua nguo vizuri kabisa wanaliwa hela kwasababu hakuna aliyekaa nao akawaeleza.

Shangazi anauza vitenge. Mzigo unavuka ziwa kutoka Kongo unashuka Kibirizi, sisi tunaupokea, tunapanga, na wateja wa jumla wengine wanakuja na treni kutoka Tabora na huko mbele. Nilianza kumsaidia nikiwa form two na nilipomaliza form four nikakaa moja kwa moja, miaka minne. Ndo alitokea kaka mmoja wa Dar, kajiita ajenti, kapewa namba yangu na mtu ninayemwamini. Akasema kuna nafasi za kuuza nguo Dubai, gharama milioni mbili na laki tatu kila kitu. Mama aliuza madumu ya mawese aliyokuwa ameyaweka asubiri bei ipande, shangazi akachukua mkopo kwenye kikoba, nikaondoka.

Viza niliyopewa ilikuwa ya matembezi. Mi sikujua tofauti, nimeona neno viza na jina langu basi nikashukuru Mungu. Nilipofika Deira, mtaa wa huko Dubai, hakuna aliyekuja kunipokea, namba ya ajenti haipatikani, nikapanga kitanda kwenye chumba cha watu tisa, asubuhi natembea duka moja hadi lingine na karatasi mkononi, na kila meneja swali lake la kwanza ni hilohilo, uko na viza gani. Mmoja alinambia njoo uanze kesho, hela utapokea mkononi, mkataba baadae. Nilitamani, sitaki kuwadanganya, nilikuwa nimebakiwa na hela ya mkate. Lakini yule dada wa Kiganda niliyelala nae kitanda cha juu na chini alinikataza, akasema ukikamatwa unafanya kazi na viza ya matembezi hiyo ni kesi, na siku zikipita kila siku ina faini yake. Faini ya kuzidisha siku kule sa hivi ni dirham 50, hela ya kule, kwa siku, na tangu 2024 mwajiri anayemfanyisha mtu kazi bila kibali faini yake inaanzia dirham laki moja mpaka milioni moja, kwaiyo hata duka lenyewe likikushika kihivo ujue siku ya ukaguzi we ndo wa kwanza kukanwa. Nikarudi Kigoma kabla siku hazijaisha, nikiwa na deni la watu wawili walionipenda.

Sasa kitu ambacho ningekijua mapema nisingeuza hata dumu moja la mama ni hiki: kwenye kazi ya kudhaminiwa viza, yaani mwajiri ndo anakuombea, hela ya kukutafuta na kukuajiri inatoka kwa mwajiri, haitoki kwako. Sheria ya kazi ya Emirati, nchi yenyewe ilipo Dubai, ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri, iwe kwa wazi au kwa kuzunguka. Kanada hivohivo, mwajiri anaomba kwanza kibali cha serikali kinaitwa LMIA, analipa dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi na haruhusiwi kukukata wewe. Kwaiyo mtu akikwambia kampuni inadhamini ila tuma ya faili, tuma ya bima, tuma ya mhuri, hapo hapo simama. Pasipoti yako na vyeti vyako ni juu yako, hivyo unalipa mwenyewe kwa serikali ya kwako, sio kwa mtu kwenye simu.

Na njia yenyewe inavokwenda, hii ni ya Emirati niliyoipita mara ya pili. Mnafanya intavyuu, kampuni inakupa barua ya ofa inayopita kwenye wizara yao ya kazi, ina namba, ina mshahara, ina jina la kazi, unasaini. Alafu wanakuombea kibali cha kuingia nchini kwa ajili ya kazi, kinakuja ukiwa bado nyumbani kwenu. Ukifika unapimwa damu na eksirei ya kifua, unatengenezewa kitambulisho cha Emirates, ndo unakuwa mkazi. Pasipoti inabaki kwako, mwajiri kuishikilia hairuhusiwi. Soma kilichoandikwa kwenye ofa neno kwa neno, maana Emirati hakuna kima cha chini cha mshahara kwa sisi wageni wa sekta binafsi, ulichosaini ndo hichohicho. Qatar wao wanacho, tangu Machi 2021 ni riyal 1,000, na kama hawakupi chumba wanaongeza 500, na kama hawakulishi 300.

Watu wanakosea pia mahali pa kuomba. Unamkuta mtu anatuma maombi makao makuu ya maduka ya nguo ya Zara huko Hispania, wakati maduka ya Ghuba yanaendeshwa na makampuni mengine kabisa yaliyopewa haki ya jina. H&M kule iko chini ya Alshaya ya Kuwait. Zara ya Dubai iko chini ya Azadea. Max na Splash ni za Landmark Group. Hao ndo wanaoajiri, na wana kurasa zao za ajira, unaingia mwenyewe, unajaza mwenyewe, bure. Mi niliomba mara kumi na saba kwa kuhesabu kwenye daftari, kila usiku tukishafunga duka, bando la usiku. Nikajibiwa mara tatu.

CV ndo ilinichelewesha. Mwanzo niliandika "nilimsaidia shangazi dukani", mstari mmoja tu, kama vile miaka minne ni jambo la kuonea aibu. Aliyenifungua macho ni mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza, aliniuliza kwa siku mnahudumia watu wangapi, nikasema siku ya soko hata sitini. Stoo nani anahesabu, nikasema mi. Hela nani anafunga jioni, mi. Mteja akirudisha pisi yenye doa nani anaongea nae, mi. Akasema sasa andika hayo, na idadi. Tukaandika, na lugha tukaziweka zote, Kiswahili, Kiha, Kiingereza, na kile Kifaransa cha dukani nilichokiokota kwa wateja Wakongo. Jamani hicho Kifaransa ndo kilinipa kazi! Dubai wanakuja wafanyabiashara na watalii wengi wa Afrika wanaoongea Kifaransa, na meneja aliyenifanyia intavyuu kwenye video aliniomba nimsalimie mteja kwa Kifaransa na nimtajie bei, nikafanya kama ninavyomfanyia mama yeyote wa Uvira.

Alafu akanipa swali la kuuza, akasema mteja kaingia anasema naangalia tu, utafanyaje. Nikamwambia kwetu kitenge huulizi mteja anataka nini, unakitandika begani kwake, unamgeuza kwenye kioo, unamwacha ashike kitambaa mwenyewe, na kama ana mtoto mgongoni unamtolea kiti kwanza ndo maneno yafuate. Unamuuliza ni cha harusi, msiba au kanisani, maana kila kimoja kina rangi zake. Alinyamaza kidogo nikadhani nimeharibu. Akasema endelea. Vitu nilivyofundishwa baadae dukani, namna ya kukunja fulana kwa kipimo kimoja, pasi ya mvuke, kupanga saizi kutoka ndogo kwenda kubwa, mashine ya malipo, hivyo vyote vinafundishika wiki mbili. Kumsoma mtu aliyeingia mlangoni nilikuja nako kutoka Mwanga.

Kazi ni ngumu, tusidanganyane. Sheria yao ni masaa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na muda wote huo umesimama, viatu nilivyoenda navyo vilinitoa malengelenge wiki ya kwanza. Kuna tageti ya mauzo kila siku inabandikwa ukutani. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa dirham 1,800, chumba na usafiri vya kampuni, wakati huo dirham moja ilikuwa inacheza shilingi 650 hivi, kwaiyo kaa chini upige hesabu kabla hujaona ni nyingi. Deni la kikoba nililimaliza mwezi wa tano. Miaka miwili ilipoisha nikalipwa kiinua mgongo, ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, nikaongeza mtaji kwa shangazi na sa hivi tuna meza mbili.

Nchi zingine kwa kifupi. Saudi kwenye nguo ni ngumu kwa mgeni, tangu Septemba 2018 maduka ya nguo yamo kwenye yale yanayotakiwa asilimia 70 ya wauzaji wawe raia wao. Kanada tangu Septemba 2024 hawapokei maombi mengi ya mishahara ya chini kwenye miji ambayo watu wake wasio na kazi wamefika asilimia 6. Uingereza kazi ya kuuza dukani haidhaminiwi kabisa, na tangu 22 Julai 2025 viza yao ya kazi ya ujuzi inataka kazi ya kiwango cha digrii na mshahara wa kawaida kuanzia pauni 41,700 kwa mwaka. Hata ungekuwa muuzaji bora wa Kigoma nzima, hiyo viza haipo.

Na sisi wa Kigoma tuanze makaratasi mapema kuliko watu wa mikoa mingine, tuko mpakani, ukienda kuomba pasipoti utaulizwa habari za wazazi na mababu, usikasirike, jiandae tu. Cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi au kiapo chake, NIDA, barua ya mtaa. Ada ya pasipoti ni 150,000, na unalipia kwa namba ya malipo ya serikali. Na ukipita kwa wakala, awe amesajiliwa, waulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kabla hujampa hata nakala ya cheti.

Basi usiku ule nilimpigia yule binti, nikamwambia mdogo wangu, serikali ya Uingereza ina orodha ya makampuni yote yenye leseni ya kudhamini, iko wazi mtandaoni, ngoja tuitafute pamoja. Tuliipekua herufi kwa herufi, jina la lile duka halimo. Nikamwonyesha na imeili iliyotuma barua, ya bure tu kama yangu na yako. Alikaa kimya muda mrefu, nilisikia mama yake nyuma anauliza vipi, akamjibu hamna mama. Alafu akanambia kwa sauti ndogo, dada, laki nne nilishatuma juzi.

Nimemwambia nne iliyobaki aishike. Na Jumamosi aje dukani asubuhi kabla wateja wa treni hawajafika, aje na daftari, yule binti ameshona na kuuza sare za shule mtaani miaka mitatu na hajawahi kuiandika popote.