Siku moja maishani mwangu: fundi anayekaa akitazama kioo

Saa 11 alfajiri naamka Gongo la Mboto. Chai ya rangi, kiporo cha wali, nakagua begi: bisibisi, flashi mbili, waya wa HDMI, kibodi ndogo. Saa 1 na nusu niko Kariakoo. Mpaka saa 3 nimeshaweka mfumo upya kwenye laptopu mbili na kuitengeneza printa ya duka la vitabu.

Saa 3 na nusu naingia zahanati moja ya binafsi. Ukutani pana TV inayoonyesha namba za wagonjwa, na nyuma yake imefungwa kompyuta ndogo inayoendeshwa na Linux ya aina ya Debian, na Xfce, programu inayoleta madirisha na menyu zake. Kila baada ya dakika 10 kioo kinaingia giza. Namba zinaendelea kusogea, ila hakuna anayeziona.

"Kaka, kikizima tu wote wanajaa dirishani kwangu," ananiambia dada wa mapokezi. "Jana bibi mmoja kapitwa na namba yake, kaja kushtuka saa 8." Mausi ipo juu nyuma ya TV. Kutwa nzima anapanda kiti cha plastiki kuitikisa.

Watu wengi hawajui kwamba kwa kompyuta, namba inayobadilika kwenye skrini haihesabiki kuwa kazi. Inahesabu mausi na kibodi tu. Visipoguswa, inaona hakuna mtu. Utaratibu huu ni wa enzi za TV za chogo, picha ikigandia sehemu moja muda mrefu ilikuwa inaacha alama kwenye kioo.

Nafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, naandika xset q kuuliza mipangilio ya kioo. Jibu liko wazi: timeout 600, yaani kioo kinasubiri sekunde 600, ndizo zile dakika 10, na DPMS, ule mpango wa kuzima kioo ili kuokoa umeme, imewashwa. Naandika xset s off kuondoa huko kusubiri, kisha xset -dpms kuzima huo mpango wa umeme. Halafu nakaa kwenye benchi kati ya wagonjwa, nasubiri. Dakika ya 9, ya 10, ya 12. Kinawaka. Nawasha upya, maana umeme ukikatika kesho nayo itajiwasha upya. Dakika ya 10, giza. Amri zile zinaishi mpaka kompyuta izimwe tu. Naziweka kwenye orodha ya vitu vinavyoanza vyenyewe, nawasha tena, nakaa tena.

Hapo ndipo alipotokea mhasibu.

"Mdogo wangu, toka saa 4 nakuona umekaa unaangalia TV. Nikulipie nini hapo?"

"Shikamoo bosi. Nasubiri zipite dakika 10 nione kama kitazima."

"Sasa si ubonyeze kitufe tu? Mpwa wangu anafanya hizo kwa simu."

Nilimweleza. Akaenda, akarudi, akasimama mbele yangu na kikombe cha kahawa akiwaambia wagonjwa kwamba mafundi wa siku hizi wanalipwa kwa kukaa. Mama mmoja aliyepakata mtoto alinitazama kwa kunihurumia. Nilinyamaza, macho kwenye kioo. Kikazima palepale, bado kasimama.

Sikuondoka. xset q ikaniambia timeout ni 0, lakini DPMS imewaka tena. Kumbe programu ya Xfce ya kusimamia umeme inaanza na kurudisha mpango wake juu ya wangu. Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikazima usimamizi wa kioo, nikawasha upya mara ya tatu. Njaa ilikuwa imeshanishika, mgongo unauma, na kahesabu kangu ka dakika nilikuwa nimekapoteza. Nikasubiri nusu saa nzima ili nisidanganye mtu.

Dada aliniomba nifanye hivyohivyo kwenye kompyuta yake ya mapokezi. Nilikataa. Ile ina mafaili ya wagonjwa, lazima ijifunge anapoinuka. Ya ukutani inaonyesha namba peke yake.

Sijui ilikuwa saa 9 au 10 mhasibu aliponipa nusu ya malipo, nyingine "wiki ijayo". Kabla ya kutoka niliandika kwenye karatasi nilichobadilisha na mahali kilipo, nikaibandika nyuma ya kompyuta kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yangu. Nilipofika mlangoni niligeuka kutazama. Namba 87, chumba 3. Mzee mmoja akainuka na fimbo yake, akaenda moja kwa moja bila kumuuliza mtu.